Kihisi Namba Kumi na Saba

Ndani ya kibweta cha sabuni, shilingi elfu mbili soko la Soroti,
nimelaza saketi isiyojaa kiganja,
laini ya simu, betri niliyoing'oa kwenye tochi mbovu,
na taa nyekundu kama punje ya mtama.
Kinachomekwa ukutani. Kinasema volti ngapi,
tangu lini, hadi lini.

Kampuni ina mitambo yake, bei ya nyumba,
nayo hukaa kituo kikuu, ikionja umeme chunguni
kabla haujapakuliwa.
Mimi nilitaka kujua kinachofika sahanini.

Tuligawa arobaini.
Opolot wa kinu cha mahindi, Arapai, alikipokea akicheka:
"Kijisabuni hiki ndicho kitamshtaki mkubwa?"
Nesi Asekenye alikiweka ubavuni mwa friji ya chanjo
akakatazia watu kuchaji simu hapo.
Wiki ya tatu, saa nne na dakika sita usiku, vitatu vikazima pamoja,
vyote vya transfoma moja, njia ya Serere.
Tulifika mwizi hajamaliza kufyonza mafuta.
Akakimbia, akaacha ndoo.
Ndoo tunayo bado, tunawekea nyaya.

Cha kumi na saba nilikipeleka Ngora, kwa mama.
Kwa Kiteso mama ni *toto*;
Mswahili akinisikia kwenye simu hudhani naongea na mwanangu.
Siku hizi simsahihishi.
Alikifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cha redio,
akaniuliza kama kinakula.

Jumatatu kikaandika sifuri.
Jumanne sifuri. Nikapiga.
"Umeme upo, toto?"
"Upo, mwanangu. Upo tele."
Siku ya tano, "Upo." Siku ya nane, "Upo, nawe umekula?"
Nikalaumu soketi, nikalaumu panya,
nikalaumu mkono wangu uliolehemu kwa usingizi.

Siku ya kumi na moja ndipo nilipotazama majirani.
Cha kumi na sita, kwa fundi cherehani ng'ambo ya njia: 236.
Cha kumi na nane, shuleni: 234.
Nguzo ile ile, waya ule ule.
Katikati yao, sifuri,
kama jino lililong'oka mtu akifunga mdomo.

Mama hakusema uongo.
Umeme ulikuwepo.
Ulipita juu ya bati lake mchana na usiku ukienda kwa wengine.
Mita ndiyo iliyofunga mlango,
na ufunguo wake ni tarakimu ishirini, zinauzwa.

Alinifundisha mwenyewe: sufuria tupu hufunikwa
sawa na iliyojaa, mgeni asijue.
Nami nikamwingizia nyumbani kitu kisichojua kusitiri,
nikakiita utafiti.

Nilinunua yuniti. Nilizituma kwa binti wa fundi cherehani
azibonyeze polepole, asitangaze.
Saa moja na robo jioni: 235.
Simu ikalia. Kimya kirefu, nyuma yake redio.
"Mimi nilidhani kisabuni chako kinahesabu umeme tu."
Sikuwa na jibu.
"Basi kiambie," akasema, "mambo ya watu kiyaache kwa watu."
Kisha akaniuliza habari za mvua, kana kwamba Soroti ni mbali.

Jedwali la mwezi lina safu mbili za sababu:
*laini imekatika*; *kifaa kibovu*.
Siku kumi na moja za Ngora hazina pa kuketi.
Nimezifuta mara mbili, nimezirudisha mara mbili.

Cha arobaini na moja kiko mezani, risasi bado ina joto.
Kibweta hiki ni cha kijani, kinanukia sabuni kweli.
Sijakifunga.